Fungua sanduku kabla ya safari

 

Tumeingia Majilio. Kanisani mshumaa mmoja unaongezwa kila Jumapili, na tunasomewa habari za Yohana Mbatizaji aliyewataka watu watengeneze njia kabla Bwana hajafika. Nyumbani nako shule zimefungwa, watoto wamejaa uani, maembe yameiva, na kalenda ya ukutani imebaki na karatasi moja. Mbele yetu iko Krismasi, na nyuma ya Krismasi iko Januari.

Tumezoea kuyatenga maandalizi haya mawili. Moyo tunauandaa kanisani, watoto tunawaandaa dukani. Na hilo la dukani tunalifanya siku mbili tatu kabla ya shule kufunguliwa, tukiwa na haraka, na hasira, na mfuko mtupu. Leo naomba tuyaweke pamoja. Namna tunavyoiandaa nyumba kwa ajili ya mwaka mpya wa masomo ni sehemu ya ibada yetu, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapotambua kama amebebwa au ameachwa abebe peke yake.

Masanduku ya Kwihara

Ukitoka Tabora mjini, kilomita chache tu, unafika Kwihara. Wengi wanapafahamu kwa sababu ya tembe la Dkt. David Livingstone, nyumba ya udongo iliyojengwa upya na ambayo sasa ni makumbusho. Katika karne ya 19 eneo hilo la Unyanyembe lilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Msafara uliingia hapo umechoka, ukapumzika, ukafungua mizigo na kuifunga upya, ukapata wapagazi wengine, ndipo ukaendelea. Kwihara palikuwa mahali pa kujiandaa.

Tarehe 18 Februari 1872 Livingstone alifika hapo kutoka Ujiji pamoja na Henry Morton Stanley. Huko Ujiji alikuwa amekuta mali zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Yalikuwepo masanduku mengine aliyotumiwa kutoka Zanzibar, nayo yalikuwa yamehifadhiwa Unyanyembe. Yalipofunguliwa, aliandika katika shajara yake yale aliyoyakuta. Bunduki mbili zilikuwa zimeharibiwa na mchwa. Chai ilikuwa imeharibika. Chupa za brandi zilikuwa zimevunjwa ili ionekane ni ajali, lakini vizibo vya kweli vilikuwa vimesukumwa ndani na mahali pake pamezibwa kwa magunzi ya mahindi. Mwizi alikuwa ameshakunywa, kisha akavunja chupa. Vyombo vya kaure vilikuwa salama, na jibini lilikuwa zima.

Kwenye orodha vitu vyote vilikuwepo. Ndani ya sanduku vingine havikuwepo tena. Nafuu yake ni kwamba aliyajua hayo akiwa bado Kwihara, penye nyumba, penye soko na penye rafiki. Stanley alimwachia vitu kutoka katika mizigo yake mwenyewe, akaondoka tarehe 14 Machi kuelekea pwani, na kutoka huko akamtumia wapagazi. Livingstone aliwangoja miezi mitano. Walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho. Kama masanduku yale yangefunguliwa kwa mara ya kwanza porini, mbele ya watu wenye njaa, pengo lisingezibika.

Ndugu yangu, nyumbani kwako nako liko sanduku. Pengine ni begi lililotupwa chini ya kitanda siku shule ilipofungwa. Pengine ni mfuko wa rambo uliotundikwa msumarini, ndani yake mna shati, sketi na sweta. Ukiulizwa, utasema mtoto ana sare. Kwenye orodha ya kichwani sare ipo. Lakini tangu siku ile hujaifungua. Shati huenda limeliwa na panya. Sketi huenda ni nzima, ila mtoto mwenyewe amerefuka. Viatu vilivyofungiwa na matope ya mvua za mwanzo vimekauka vikapasuka. Na kwenye daftari la mwisho mna karatasi ambayo mwalimu aliomba mzazi aisome, nawe hujaiona.

Basi fungua leo, wakati bado uko Kwihara yako. Mwezi mmoja kabla ya safari, pindo la sketi linaweza kushushwa kwa sindano na uzi wa nyumbani. Shati la kaka linaweza kumfaa mdogo wake. Kiatu kinaweza kupelekwa kwa fundi wa barazani kikashonwa. Wiki ya mwisho fundi cherehani ana foleni hadi mlangoni, bei ya madaftari imepanda, na unanunua kipya kile ambacho ungeweza kukishona.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Angalia kwamba katika mfano ule kukaa na kuhesabu kunatangulia kununua. Watu wengi tunaanza na duka. Tuanze na mkeka: tandika chini, mwaga kila kitu cha shule, kila mtoto akae mbele ya vitu vyake, na mzazi aandike kilichopo, kinachorekebishika na kinachokosekana kabisa. Utashangaa jinsi orodha ya tatu ilivyo fupi kuliko ulivyoiogopa.

Msidhani yumo msafarani

Kuna familia nyingine iliyosafiri na msafara, na habari yake iko katika Luka 2. Kila mwaka Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, umri wa watoto wetu wa darasa la sita, walikwenda naye. Sikukuu ilipokwisha wakaanza kurudi, naye akabaki nyuma, wala wazazi wake hawakujua. Walidhani yumo katika msafara. Wakatembea mwendo wa siku nzima kabla ya kumtafuta kwa ndugu na jamaa. Hawakumwona. Iliwapasa kurudi Yerusalemu, na siku ya tatu ndipo walipomkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Luka hawalaumu wazazi hawa, nasi tusiwalaumu. Walikuwa watu wacha Mungu, wanaopendana, wanaomtunza mtoto wao. Lakini hata katika nyumba takatifu namna hiyo, mtoto anaweza kukosekana siku nzima kwa sababu kila mmoja amedhani. Huenda mama alidhani yuko na baba, na baba alidhani yuko na mama. Ndivyo msafara mkubwa ulivyo: watu ni wengi, kelele ni nyingi, na kila mtu anaamini kuwa mwingine anajua.

Nyumba zetu mwezi Januari ni msafara wa namna hiyo. Baba anadhani mama ana akiba ya kikoba. Mama anadhani baba ameweka kando fedha ya yule mbuzi aliyeuzwa. Shangazi aliyeko mjini aliahidi kununua begi wakati wa Pasaka, na hakuna aliyempigia kumkumbusha. Bibi anadhani mjukuu ameandikishwa darasa la kwanza, kumbe cheti chake cha kuzaliwa bado hakijachukuliwa. Mwendo wa siku moja unapita, wa wiki unapita, na siku shule inapofunguliwa ndipo inagundulika kwamba mtoto hayumo msafarani.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Wanandoa wengi hugombana Januari, na mara nyingi chanzo si umaskini. Chanzo ni fedha iliyofichwa, au neno ambalo halikusemwa Desemba. Mwanamume anaona aibu kumwambia mkewe kwamba amekopa. Mwanamke anaogopa kusema alichonacho kwa kuwa mwaka jana alisema, na fedha ikaenda kwenye pombe. Naijua hofu hiyo kuwa ni ya kweli, wala sitaipuuza. Hata hivyo nakusihi, kabla ya Krismasi ketini wawili, mlango ukiwa umefungwa, watoto wamelala. Kila mmoja aseme alichonacho, anachodaiwa, na anachoweza kukipata kabla ya shule kufunguliwa. Anzeni kwa sala fupi. Ni vigumu kumdanganya mtu ambaye mmetoka kusali naye.

Wapo wanaosoma haya wakiwa wajane, au mama anayelea peke yake, au babu mwenye wajukuu watano. Wewe huna wa kuketi naye usiku ule. Basi mtafute mmoja, katika jumuiya yako au katika ukoo, mtu mwenye moyo mtulivu, umwonyeshe orodha yako. Mtu anayehesabu peke yake huona deni kubwa kuliko lilivyo.

Na tuseme ukweli kuhusu fedha yenyewe. Ada katika shule za msingi na sekondari za umma iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na sita. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sare, viatu, madaftari, mkebe, fagio na kidumu cha maji bado ni vya mzazi. Na kwa mkulima wa Tabora, Januari inakuja wakati mbaya kuliko yote. Fedha iko ardhini. Mahindi ndiyo kwanza yanapaliliwa, tumbaku haijafika kwenye bani, na ghalani mna michembe na mahindi ya kuhesabu. Kwa hiyo Krismasi yetu iwe na macho. Mtoto anayenunuliwa viatu vya sikukuu, anunuliwe vyeusi. Atavivaa kanisani tarehe 25 Desemba kwa furaha ileile, na Januari vitampeleka shule.

Mizigo na furushi

Turudi kidogo kwa wapagazi. Wanyamwezi walijulikana njia nzima kwa kazi ya kubeba, na kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32: nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa masango, au pembe za ndovu wakati wa kwenda pwani. Juu ya huo alibeba furushi lake mwenyewe, mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mzigo ukizidi kiasi, alikataa. Na vijana waliojifunza kazi walianza na mizigo midogo. Hakuna kiongozi mwenye akili aliyempa kijana mzigo wa mtu mzima, kwa kuwa alijua wote wangekwama njiani.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, anasema mambo mawili ambayo wengine huona yanapingana. Katika mstari wa 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana wake wa kuuchukua. Lakini hayapingani. Katika Kigiriki alichoandika, maneno ni mawili tofauti, na Biblia yetu ya Union Version imelitunza jambo hilo vizuri: mstari wa 2 unataja mizigo, wa 5 unataja furushi. Furushi ni kile kidogo ambacho kila msafiri anapaswa kukibeba mwenyewe. Mzigo ni ule mzito ambao ukimwachia mtu mmoja utamvunja mgongo.

Nyumba iliyopangika ni ile inayojua kutofautisha vitu hivi viwili.

Tuchukue nyumba ya mfano, wala si ya mtu fulani. Ina watoto wanne. Mkubwa ni msichana wa miaka 14, amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Anafuatiwa na mvulana wa darasa la tano, kisha mwingine wa darasa la tatu, na wa mwisho anaanza darasa la kwanza. Shule ya sekondari iko mbali kuliko ile ya msingi. Wazazi wamejitahidi: sare ya msichana imeshonwa, madaftari makubwa yamenunuliwa. Kila mtu anasema yuko tayari.

Sasa tazama asubuhi yake. Saa kumi alfajiri anaamshwa, yeye peke yake. Anachota maji, anafagia uwanja, anawasha moto, anapika uji, anaosha vyombo vya jana, anamvalisha wa darasa la kwanza. Mvulana wa darasa la tano anaamka saa kumi na mbili, anakuta maji ya kunawa yapo. Msichana anatoka mbio, hajanywa uji, anafika kengele imeshalia, anaadhibiwa kwa kuchelewa. Saa tano anasinzia darasani. Jioni anarudi, anachota tena maji, anapika, na anapokaa na daftari taa inazimwa ili kuokoa mafuta. Mwisho wa muhula anakuwa wa 70, nasi tunaambizana kwamba binti huyu hana kichwa cha masomo, bora aolewe.

Kichwa anacho. Tumekipakia mzigo wa nyumba nzima, kwa kuwa ni cha msichana na ni cha mkubwa, halafu tumekidai na furushi lake. Hili si jambo dogo, ndugu msomaji. Wasichana wengi hupotea shuleni namna hii, polepole, bila mtu yeyote kuwafukuza na bila mzazi kukusudia mabaya. Na wavulana nao hupotea kwa njia hiyohiyo pale wanapoachishwa vipindi ili wakapalilie au wakavune tumbaku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi inayomdhuru au inayomkosesha masomo. Sisi tunaokwenda kanisani tusingoje sheria ituambie.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyejua kufagia amenyimwa malezi. Kufua soksi zake, kupanga begi lake usiku, kutandika kitanda, kujaza kidumu chake, kuosha sahani aliyolia, hayo ni furushi lake, na hata wa darasa la kwanza anaweza. Lakini maji ya nyumba nzima ni mzigo, na mzigo hugawanywa. Mvulana wa darasa la tano ana mikono miwili. Baba anaweza kuwasha moto, na heshima yake haitapungua. Kama kuna baiskeli, maji yachotwe jioni, yakae kwenye madumu, ili alfajiri isiwe ya kukimbilia kisimani.

Katika Kutoka 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni, peke yake. Akamwambia wazi kwamba jambo lile halikuwa jema, kwamba angechoka yeye na watu wake, akamshauri agawe kazi. Musa alikuwa mtumishi mkubwa wa Mungu, na bado alimsikiliza mzee yule. Je, baba na mama, nani ndani ya nyumba yako anafanya kazi toka alfajiri hata usiku peke yake? Pengine ni binti, pengine ni dada wa kazi, pengine ni mama mwenyewe. Kabla ya kununua daftari hata moja, mpunguzie huyo.

Mtoto wa jirani

Njia ile ya Kwihara haikupitisha nguo na shanga tu. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, wakiwemo watoto, kuelekea pwani. Tunapoitaja historia hii tusiisahau sehemu hiyo.

Mmoja wa watu waliofika Kwihara Agosti 1872 katika lile kundi lililotumwa na Stanley aliitwa Jacob Wainwright. Utotoni alikuwa ametekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akaokolewa, akapelekwa India katika shule ya wamisionari karibu na Nasik. Huko alifundishwa kusoma na kuandika. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, wenzake wakiongozwa na Susi na Chuma waliamua kuubeba mwili wake hadi pwani. Katika saa ile palihitajika mtu mwenye kalamu. Jacob ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu, ili visipotee wala mtu asisingiziwe wizi. Ndiye aliyesoma ibada ya maziko moyo wa marehemu ulipozikwa, na ndiye aliyechonga maandishi juu ya mti. Msafara ule ulipita tena Unyanyembe Oktoba 1873, ukafika Bagamoyo Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo, kwenye maziko ya Westminster Abbey jijini London, Jacob alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Mtoto huyo hakuwa na baba wala mama wa kumnunulia kibao cha kuandikia. Kuna watu wasiomjua ukoo wake waliochukua mzigo wake. Hawakujua watoto wote waliowafundisha wangekuwa nani. Walimfundisha tu, na siku moja porini elimu ile ikawafaa watu wengi.

Katika mtaa wako yuko mtoto ambaye Januari ataangalia wenzake wakipita na mabegi. Viongozi wa serikali wamesema mara kadhaa kwamba mtoto asizuiwe kuanza shule kwa sababu hana sare, na ni vizuri jirani yake alijue hilo na amwambie. Lakini mtoto mwenyewe ana aibu, na aibu humzuia kuliko mwalimu. Ile sketi ya mwanao iliyofupika, usiifanye tambara la kudekia. Ifue, ipige pasi, ishone kifungo kinachokosekana, kisha ipeleke usiku, kimya kimya, ili mtoto asijue ilitoka kwa nani. Jumuiya yenye nyumba 12 ikikusanya yaliyopungua kimo kwa wenyewe, haitakosa kuwavalisha wawili watatu. Hapo ndipo ule mstari wa 2 wa Wagalatia unapotoka kwenye kitabu na kuingia mtaani.

Wiki hii tufanye nini

Leo baada ya ibada, tandika mkeka na ufungue masanduku yote. Andika kilichopo, cha kurekebisha, na cha kununua.

Kabla ya Jumapili ijayo, wazazi ketini usiku mmoja mseme ukweli wa fedha.

Kisha waiteni watoto wote, mgawane kazi za asubuhi na jioni kwa majina. Ziandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani. Wasichana na wavulana wabebe sawasawa kwa kadiri ya umri.

Tafuteni kona moja ya kusomea: meza, au hata ubao juu ya ndoo mbili, na taa. Kama ni taa ya sola moja, ikubaliwe kwamba saa fulani ya jioni ni ya madaftari, redio ikiwa imezimwa na simu ya baba ikiwa mfukoni. Wiki ya mwisho ya likizo waanze kulala mapema, ili siku ya kwanza isiwe ya vita.

Na la mwisho ni la bure. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu kwa watoto wao waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Hesabu nyakati hizo nne, utaona ndiyo siku nzima ya mwanafunzi. Akiamka, mwekee mkono kichwani umbariki, hata kama una haraka ya shamba. Njiani, msindikize hata hatua 20 ukimuuliza leo ana somo gani. Akirudi na kuketi, muulize alichojifunza kabla hujamuuliza amepata ngapi. Akilala, salini naye, umsamehe yaliyoharibika mchana.

Luka anamaliza habari ya Yerusalemu kwa kusema kwamba Yesu alishuka pamoja na wazazi wake hadi Nazareti, akawatii, akaendelea kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Mtoto aliyetafutwa kwa uchungu siku tatu alirudi katika nyumba ya kawaida, yenye kazi, yenye meza, yenye baba, na mama aliyeyaweka mambo moyoni. Nyumba kama hiyo inawezekana Kwihara, inawezekana Mbagala, inawezekana kwako.

Mungu aibariki nyumba yako katika Majilio haya, na watoto wako waingie Januari wakiwa wepesi mabegani. Nakutakia Jumapili njema.